Kauza nyumba kiangazi akijua masika inaingia maji. Sheria inamtaka muuzaji aseme, au mnunuzi ajijue?

Mama Tunu (mleta mada)

Habari za jioni wanajamvi. Naomba wenye uelewa wa sheria za nyumba na ardhi mnisaidie, maana huku kwetu kila mtu ana lake.

Mdogo wangu na mumewe walinunua nyumba mwaka jana mwezi wa tisa, upande wa Tegeta, mtaa ulioko chini kidogo karibu na korongo. Vyumba vitatu, uzio, rangi mpya ndani yote. Milioni 85, wakalipa kwa awamu mbili mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mkataba uliandikwa na mwanasheria aliyeletwa na dalali. Masika yalipoanza, maji yakaanza kutokea chooni, kisha yakapita chini ya mlango wa nyuma, hadi alfajiri sebule nzima ni magotini. Jirani wala hakuzunguka: "Hapo ni kila mwaka. Mzee kachoka ndio maana kauza."

Kinachoniuma zaidi ni soketi. Nyumba ile soketi zote ziko juu, usawa wa kifua. Siku ya kukagua shemeji alimuuliza mzee mwenyewe mbona ziko huko juu. Mzee akacheka, akasema wajukuu zake watundu, walikuwa wanachomeka misumari. Maji yalipopungua rangi ikababuka, na chini yake kuna mstari wa kahawia umezunguka nyumba nzima.

Mzee sasa anasema: "Mlikagua wenyewe, mkaridhika, mkasaini." Na kweli mkataba una maneno "mnunuzi ameikagua nyumba hiyo na kuridhika nayo jinsi ilivyo". Je, kisheria alikuwa na wajibu wa kusema? Na kama alikuwa nao, tunaanzia wapi?

Kobe Mzee

Pole, lakini tuambiane ukweli. Unanunua nyumba ya korongoni mwezi wa tisa halafu unashangaa maji mwezi wa nne? Desemba 2011 Dar ilizama, watu wakahamishiwa Mabwepande. Mwisho wa 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zikapigwa X na kubomolewa. Mtu mzima wa mjini anajua maana ya bonde. Biashara ni macho.

Fundi Sakafu

Kobe, hayo macho wenzio hawana, wamekwenda na hamu ya nyumba. Mimi nakarabati nyumba zilizoingia maji na pia nazifichia (ndiyo, nalipwa kufanya hivyo, sijawahi kuulizwa na mnunuzi hata mmoja).

Nyumba iliyozama inasema yenyewe. Gusa plasta ya chini: ukiona unga mweupe kama chumvi unatoka vidoleni, ukuta ule umekunywa maji muda mrefu. Angalia fremu za milango, mbao ikiwa imekatwa chini ikaunganishwa kipande kipya, jiulize iliozea nini. Funua mfuniko wa mita ya maji na chemba za maji machafu, tope jekundu haliingii mle kwa upepo. Kabati za jikoni zikiwa zimeinuliwa juu ya tofali, hiyo nayo. Halafu toka nje tazama majirani. Ukikuta kila mlango wa mtaa ule una kizingiti cha saruji cha kupanda kwa hatua, mtaa mzima unakwambia habari ambayo dalali hakuambii. Mwisho mwulize mama wa genge. Yeye hauzi nyumba.

Lakini soketi usawa wa kifua, aisee. Kazi ya kupasua ukuta na kuvuta waya upya nyumba nzima si ndogo. Hakuna babu anayeingia gharama hiyo kwa sababu ya wajukuu wakati vifuniko vya soketi vinauzwa dukani.

Wakili wa Kona

Mama Tunu, pole kwa mdogo wako. Nitaandika kwa kirefu kidogo kwa sababu Kobe kasema nusu ya sheria, na nusu hiyo ndiyo watu wengi wanayoijua.

Tanzania hatuna sheria inayomwambia muuzaji wa nyumba, "Keti, orodhesha kasoro zote umpe mnunuzi." Kinachotuongoza ni Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 17 hadi 19. Kifungu cha 17 kinaeleza udanganyifu ni nini, na kinasema wazi kwamba kunyamaza tu, hata kuhusu jambo ambalo lingemfanya mwenzako asite kuingia mkataba, si udanganyifu. Hapo Kobe yuko sawa.

Ila sentensi haijaishia hapo. Kunyamaza kunageuka udanganyifu pale ambapo mazingira yanamlazimu mtu aseme, au ukimya wake ni sawa na kusema. Vifungu hivi tumevichukua kutoka Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na kule wametoa mifano. Mtu anauza mnadani farasi anayejua ni mgonjwa, hasemi kitu: si udanganyifu. Mnunuzi ni binti yake mwenyewe aliyefikisha umri wa utu uzima juzi: uhusiano wao unamlazimu baba aseme. Mnunuzi akimwambia, "Usipokanusha nitachukulia kwamba farasi ni mzima," na muuzaji akakaa kimya: ukimya huo ni jibu.

Sasa turudi Tegeta. Mzee wenu hakunyamaza. Kifungu kilekile cha 17 kinataja kama udanganyifu kusema jambo lisilo kweli huku hulisadiki, na pia kuficha kwa vitendo jambo unalolijua. Rangi juu ya mstari wa maji ni kuficha kwa vitendo. Wajukuu na misumari ni maneno ya uongo yaliyotolewa kujibu swali la moja kwa moja. Mkiweza kuthibitisha hayo mawili mmetoka kabisa kwenye habari ya "muuzaji hana wajibu wa kusema".

Kuna mtego lakini. Kifungu cha 19 kinasema mkataba uliopatikana kwa maelezo yasiyo ya kweli, au kwa ukimya wa udanganyifu, haubatiliki kama aliyedanganywa alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Wakili wa mzee atakimbilia hapo moja kwa moja: korongo lilionekana, soketi zilionekana, majirani walikuwepo. Jibu lenu ni kwamba kinga hiyo imewekwa kwa maelezo potofu na ukimya, si kwa mtu aliyepaka rangi ili usione. Na kwamba mliuliza! Aliyeuliza akadanganywa si sawa na ambaye hakuuliza.

Hayo maneno "ameridhika nayo jinsi ilivyo" yapo karibu kila mkataba wa mtaani. Yanamkinga muuzaji dhidi ya malalamiko ya bomba linalovuja. Hayamsafishi mtu aliyedanganya makusudi, japo yatawapa kazi ya ushahidi.

Mama Tunu

Wakili, Mungu akubariki. Kwa hiyo tunaweza kurudisha nyumba na kudai hela?

Wakili wa Kona

Mkithibitisha udanganyifu, mkataba unabatilika kwa hiari ya aliyedanganywa. Yaani chaguo ni la mdogo wako: auvunje na arudishiwe fedha, au ashikilie nyumba na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama aliyoambiwa yangekuwa kweli. Kwa vyovyote asikae. Mtu akishajua ukweli halafu akaendelea kujenga banda la kuku na kupangisha chumba, anaonekana ameikubali nyumba na maji yake. Muda wa kudai kwenye mkataba ni miaka 6, na palipo na udanganyifu unahesabiwa tangu ulipogunduliwa, ila miaka 6 isiwe sababu ya kulala.

Mkichagua njia ya mabaraza ya ardhi, tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halihukumu. Likishindwa kuwapatanisha mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kwa thamani ya milioni 85 mko ndani ya uwezo wake. Wakili wenu ndiye atakayepima kama dai likae huko au mahakama ya kawaida, kwa sababu likiwa la fedha tu kutokana na mkataba, wapinzani huweka pingamizi hapo.

Chuma Chakavu

Mnazunguka sana. Mpelekeni polisi, kajipatia fedha kwa udanganyifu, kesi imeisha.

Wakili wa Kona

Kosa hilo lipo, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Lakini jinai inathibitishwa pasipo kuacha shaka, na akifungwa bado milioni 85 hazijarudi. Wengi wanaokwenda polisi kwanza wanatafuta kumtisha mtu alipe. Mzee akishapata wakili, vitisho havimbabaishi tena.

Dalali Mstaafu

Ngoja nami niseme, maana tunalaumiwa sisi. Nimefanya udalali miaka mingi. Mteja akija, swali la kwanza ni bei ya mwisho. La pili ni bei ya mwisho kabisa. Anayeuliza "nyumba hii ina kesi?" au "masika pakoje?" ni mmoja mmoja sana. Na ukimwambia mteja kila kitu bila kuulizwa, mwenye nyumba anakunyang'anya kazi anampa mwingine.

Ila nakiri jambo moja kuhusu wenzangu. Kuna maneno tunayasema kama salamu: "Haina shida yoyote, mwenyewe anahama kikazi." Wakati hata huyo mwenyewe hatumjui vizuri.

Wakili wa Kona

Dalali, salamu hizo zina gharama. Kifungu cha 17 kinahesabu pia udanganyifu unaofanywa na wakala wa upande mmoja. Ukitumwa na muuzaji ukasema "maji hayafiki", umesema kwa niaba yake.

Bin Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu tulikuwa na sheria ya zamani ya India ya uhamisho wa mali, ya 1882. Ile ilimtaka muuzaji amfichulie mnunuzi kasoro kubwa anayoijua na ambayo mnunuzi hawezi kuigundua kwa uangalifu wa kawaida. Ikafutwa mwaka 2012 zilipokuja sheria mpya za ardhi. Sasa tunaishi zaidi na misingi ya Kiingereza: kasoro iliyojificha kwenye umiliki muuzaji lazima aseme, kasoro ya jengo lenyewe mnunuzi ajitazamie, mradi hakudanganywa.

Na kwa Kenya kilichowaliza watu zaidi ni umiliki kuliko maji. Novemba 2011 Syokimau, nyumba za ghorofa zilibomolewa na matingatinga kwa madai kwamba ardhi ni ya mamlaka ya viwanja vya ndege. Watu walikuwa na hati mkononi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, ikasema kwamba hati iliyotokana na ugawaji haramu haimkingi hata mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Kwa hiyo hata muuzaji akiwa mkweli kabisa, kama yeye mwenyewe aliuziwa hewa, nawe umeuziwa hewa. Lazima urudi nyuma hadi ardhi ilipotolewa mara ya kwanza.

Kobe Mzee

Hapo Bin Kisauni umenena. Hata Kimara mwaka 2017 nyumba zilivunjwa hadi Kiluvya kupisha hifadhi ya Barabara ya Morogoro. Kule hifadhi ni mita 121.5 kila upande, si 30 kama barabara kuu nyingine. Ngapi zilikuwa zimeuzwa mkono wa pili na wa tatu, na muuzaji anajua kabisa?

Wakili wa Kona

Ndiyo maana nilitaka kugusa hili kwa Mama Tunu. Korongo hilo liko umbali gani na ukuta wa nyumba? Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuo wa bahari au ziwa. Kama nyumba iko ndani ya hapo, tatizo lenu si maji ya magotini tu, siku moja mtaamkia X ukutani. Pimeni kabla hamjaamua kubaki na nyumba na kudai fidia. Ikiwa ndani ya mita 60, mimi ningeuvunja mkataba.

Mama Tunu

Kwa macho ni kama mita 40. Nimeishiwa nguvu.

Mbeba Boksi TX

Poleni sana dada. Niko Houston, na huku hili jambo liko kinyume na huko. Texas muuzaji wa nyumba ya kuishi anajaza fomu ya kufichua hali ya nyumba, kurasa kadhaa: paa, mchwa, mifumo ya umeme, kesi. Baada ya kimbunga Harvey cha 2017 watu wengi waligundua wamenunua nyumba zilizowahi kuzama, wakaongeza maswali. Tangu Septemba 2019 unaulizwa moja kwa moja: nyumba imewahi kuingia maji ya mafuriko? Iko kwenye eneo la mafuriko? Umewahi kudai bima ya mafuriko? Unatia tiki na kusaini. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 kuna sheria ya nchi nzima, lazima useme unachojua kuhusu rangi yenye madini ya risasi.

Lakini msidhani kila jimbo ni hivyo. New York hadi hivi karibuni muuzaji aliweza kumpa mnunuzi punguzo la dola 500 badala ya kujaza fomu, na wengi walichagua hivyo. Mlango huo ulifungwa Machi 2024.

Na kuna kesi ya 1991 huko New York, Stambovsky dhidi ya Ackley. Mama mwenye nyumba alikuwa ametangaza magazetini miaka mingi kwamba nyumba yake ina mizimu. Alipoiuza hakumwambia mnunuzi, aliyetoka mji mwingine. Mahakama ya rufaa ikamruhusu mnunuzi ajitoe, na jaji akaandika kwamba kisheria nyumba ile ina mizimu, kwa kuwa mwenyewe alishautangazia umma.

Chuma Chakavu

Hahaha, hiyo Tanga au Bagamoyo mahakama zingejaa. Muuzaji ataje majini kwa idadi na kabila.

Neema wa Kibamba

Samahani naingilia. Mimi niko mbioni kununua kiwanja chenye nyumba ambayo haijaisha. Muuzaji ni mwanaume, anasema hana mke. Huo nao si wajibu wake kusema ukweli? Nikimwamini nina kosa gani?

Wakili wa Kona

Neema, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi kifungu cha 161 kikaongeza kwamba ni wajibu wa mnunuzi kumuuliza muuzaji kama mwenzi wake ameridhia. Mnunuzi! Na muuzaji akikudanganya kwa makusudi, uhamisho unabatilika kwa hiari ya mwenzi ambaye hakuridhia. Umeona ilivyo? Mwongo ni muuzaji, anayepoteza nyumba ni wewe, na mwenye kuamua ni mke ambaye hujawahi kumuona. Wewe unabaki kumfukuza mwanaume mwenye hela yako.

Kwa hiyo usiishie kwenye "hana mke". Aape kwa maandishi mbele ya kamishna wa viapo kwamba hana mwenzi, au kama ametalikiwa alete talaka ya mahakama na mgawanyo wa mali. Nenda mtaani uulize ni nani anaishi au alikuwa anaishi pale. Kama nyumba ni ya marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, na warithi watajwe.

Kama kuna hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati wewe mwenyewe, kwa namba ya hati, usiletewe majibu na dalali. Hapo utaona rehani ya benki au zuio aliloweka mtu. Kama hakuna hati bali karatasi za mauziano tu, zidai zote, za mauziano ya mwanzo hadi haya.

Halafu andika maswali kumi na tano au ishirini. Nyumba imewahi kuingia maji? Iko ndani ya hifadhi ya barabara, mto au njia ya umeme? Kuna kesi au mgogoro wa mpaka? Kuna mpangaji, na kodi amelipa hadi lini? Kodi ya pango la ardhi imelipwa? Muuzaji ajibu kwa mkono wake, asaini kila ukurasa, na mkataba useme kwamba majibu hayo ni sehemu ya mkataba na ndiyo yaliyomshawishi mnunuzi. Sheria haikupi fomu ya Texas, lakini haikuzuii kujitengenezea ya kwako. Kwa karatasi hiyo hatubishani tena kama alikuwa na wajibu wa kusema. Amesema.

Fundi Sakafu

Ongeza mita ya LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa humo, na mita ikiwa na deni la zamani, siku ukinunua umeme kwa mara ya kwanza hela yako inamegwa.

Neema wa Kibamba

Asante. Nimemtumia hayo maswali jana, amejibu saba, la mke ameliruka.

Dalali Mstaafu

Usilipe hata ya kishika uchumba.

Mama Tunu

Wanajamvi, mrejesho mdogo. Shemeji amepekua simu yake, amekuta sauti ya WhatsApp ya dalali ya kabla ya kulipa awamu ya pili. Shemeji alimuuliza kuhusu lile korongo, dalali anamjibu, "Kaka, maji hapa hayafiki, mzee kakaa miaka yote." Pia jirani amekubali kuandika maelezo yake, na anazo picha za masika ya mwaka juzi, mzee mwenyewe akionekana anazoa maji na ndoo barazani.

Wakili wa Kona

Hizo picha ni muhimu kuliko sauti, kwa sababu zinathibitisha mzee alikuwa anajua. Mwombeni jirani awape kutoka simu yake zikiwa na tarehe zake.

Sauti nayo inapokelewa, tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila mtatakiwa kueleza ilitunzwaje tangu ilipoingia hadi inapofika mbele ya hakimu. Kwa hiyo shemeji simu hiyo asiiuze, asiifute kitu, asimpe mtoto achezee, wala asibadilishe laini. Kesho apeleke notisi kwa mzee kupitia wakili wenu, si huyu aliyeletwa na dalali, na humo atamke kwamba anauvunja mkataba na anataka fedha zake, ampe siku 14.